Chakula hakisubiri: namna ya kuwa mpiga picha wa chakula wa majarida

Watu wakiniuliza waanzeje hii kazi, swali la kwanza huwa ni kamera gani ninunue, na mi siku zote jibu langu ni moja: chukua majani ya saladi, yatie siki na mafuta, yaweke kwenye sahani afu kaa uyaangalie. Hazipiti dakika nyingi utaona kingo zinalegea, rangi inakuwa nzito, chini ya sahani kumejaa majimaji. Jibini ikiyeyuka inavutika vizuri kwa muda mfupi sana, ukizubaa imeshakuwa kama plastiki. Nyama ikitoka motoni inang'aa, we ukigeuka kutafuta betri ukirudi mng'ao umeondoka na mafuta yameganda pembeni. Aiskrimu ndo usiseme. Sasa hiyo ndo kazi yenyewe, kamera ni kamera tu, ila mtu asiyejipanga kabla chakula hakijafika mezani hata ukimkabidhi kamera ya thamani ya gari ataishia kupiga picha ya chakula kilichokufa.

Na hili sio jambo jipya. Wale wa mwanzo kabisa walilijua. Mwingereza William Henry Fox Talbot, kati ya 1844 na 1846, alitoa picha ya vikapu vya matunda, mananasi yakiwemo, na ukifikiria kamera za enzi zile zilivyohitaji muda mrefu kupokea mwanga utaelewa kwanini alichagua matunda na sio bakuli la supu ya moto. Nanasi linasubiri. Baadaye miaka ya 1930 kuna Nickolas Muray kule New York alikuwa anapigia jarida la McCall's kurasa za mapishi za rangi kwa njia iliyoitwa carbro, ambayo ilitaka negativu tatu za picha moja, moja kwa kila rangi, afu zinapangwa moja juu ya nyingine. Chakula kikisogea kidogo au kikiporomoka katikati ya hapo, rangi hazikutani. Leo tuna kamera inayopiga picha kumi kwa sekunde na bado tunalia na saladi.

Basi twende hatua kwa hatua, ila nikuambie mapema kuna sehemu nitakaa sana na sehemu nitapita tu.

Jua kwanza unafanya kazi na nani

Picha ya kuweka kwenye simu unaamua mwenyewe. Picha ya jarida ina watu wengi nyuma yake na kila mmoja ana neno lake. Kuna mhariri wa chakula, huyu ndo mwenye mapishi, anajua sosi inatakiwa iwe nzito kiasi gani na usibishane naye. Kuna mkurugenzi wa sanaa, huyu anaijua kurasa, anajua kichwa cha habari kitakaa wapi. Kuna mhariri wa picha ambaye mara nyingi ndo aliyekupigia simu na ndo anayeshika bajeti. Halafu kuna stailisti wa chakula anayepika na kupanga kwenye sahani, kuna wa vyombo anayeleta sahani, vitambaa, vijiko, mbao za chini, na kuna msaidizi wako. Jarida dogo utakuta mtu mmoja amebeba kofia tatu, na wakati mwingine kofia zote ni zako, unapika, unapanga, unapiga, unaosha vyombo.

Stailisti wa chakula ndo mtu wako wa karibu kuliko wote. Mi nasema wazi, sifa nyingi tunazopewa wapiga picha ni za kwake. Ukimsikia anasema "nipe dakika mbili" usimwambie "nipo tayari muda mrefu", we kaa kimya, na ukimwomba ageuze jani moja mwombe kwa heshima maana jani hilo alilichagua kwenye mafungu matano.

Kabla ya siku ya kazi utatumiwa orodha ya picha. Isome kama mtihani. Mapishi mangapi, yapi ya wima, yapi ya kurasa mbili zinazotazamana, ipi ni ya kufungulia makala, ipi ni ndogo ya pembeni. Omba na mapishi yenyewe uyasome, ukijua kwamba kitu fulani kinanyunyiziwa sukari ya unga mwishoni utajua pale pana tukio la kupiga picha ya mkono ukinyunyiza, na ukijua kingine kinatoka kwenye oveni kimeumuka na kinashuka ndani ya dakika mbili tatu utakiweka saa ambayo kila mtu yuko macho. Vile vinavyokaa, mikate, keki kavu, biskuti, viweke baada ya chakula cha mchana watu wakiwa wamechoka.

Jingine la kuzoea ni kalenda. Jarida la kila mwezi linaandaliwa miezi kadhaa kabla. Toleo la sikukuu za Desemba kwenye nchi za kaskazini linapigwa katikati ya kiangazi, nje jua la kuchoma na ndani mmewasha mishumaa mnajifanya theluji inaanguka. Maana yake ni kwamba tunda la msimu ule halipo sokoni mnapolihitaji, na mwanga wa dirishani sio ule wa msimu unaotakiwa, ni kazi yako kuutengeneza.

Mwanga, na hapa naomba utulie

Zima taa zote za chumbani. Zote. Hii peke yake inasahihisha nusu ya picha mbaya ninazotumiwa na wanaoanza. Mwanga wa mchana uko kwenye Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 hivi, balbu ya nyumbani iko 2700 au 3000, ukivichanganya upande mmoja wa sahani unakuwa wa bluu na mwingine wa machungwa na hakuna programu itakayokuokoa vizuri.

Halafu weka meza karibu na dirisha moja, mwanga utoke ubavuni au nyuma ya chakula, usitoke mgongoni kwako. Mwanga ukitoka upande wa kamera unafuta kila kitu, chakula kinakuwa bapa kama karatasi. Ukitoka ubavuni unapita juu ya ngozi ya mkate na kila mkunjo unaonekana, ukitoka nyuma unapenya kwenye majani, unafanya supu ing'ae na mvuke uonekane. Ukifikiria uso wa saa, chakula kikiwa katikati na wewe upo kwenye namba 6 ya chini, mi nauanzia mwanga kwenye namba 9 au katikati ya 10 na 11 afu nasogeza.

Ukiwa mkali sana weka kitambaa cheupe chepesi dirishani. Halafu chukua vipande viwili vya foambodi (ubao mwepesi wa povu), kimoja cheupe kimoja cheusi. Cheupe ukikiweka upande wa pili wa dirisha kinarudisha mwanga na vivuli vinafunguka. Cheusi kinafanya kinyume, kinakula mwanga, vivuli vinakuwa vizito na chakula kinapata umbo. Wanaoanza wote wanatumia cheupe tu. Jaribu cheusi wiki nzima uone, chakula cha kahawia kama nyama na mchuzi mzito kinakipenda sana cheusi. Vipande vidogo vya kioo vya ukubwa wa kadi ya benki pia weka mfukoni, unapeleka doa la mwanga kwenye kitu kimoja tu, tuseme kiini cha yai.

Sasa kwanini watu wa majarida wengi wanatumia flashi wakati dirisha ni la bure? Ni kwa sababu mapishi manane yanakaa kwenye makala moja, yamepigwa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na msomaji akifungua kurasa lazima zionekane zimepigwa saa moja. Dirisha haliwezi kukupa hiyo, wingu likipita tu umeshabadilika. Kwahiyo jifunze flashi moja kubwa iliyopitia kitambaa, uifanye ifanane na dirisha. Siri iko kwenye ukubwa na umbali: taa kubwa iliyo karibu inatoa vivuli laini, taa ileile ukiipeleka mbali inakuwa ndogo machoni pa sahani na vivuli vinakuwa vikali. Na ukiipeleka umbali mara mbili mwanga unaofika unabaki robo, sio nusu, watu wengi wanajikwaa hapo. Flashi inakupa na kitu kingine, inagandisha. Maziwa yakimwagwa, unga ukianguka, ule mlipuko mfupi wa taa ndo unaokata mwendo.

Taa moja nasema. Ukiona unahitaji ya tatu kwenye sahani moja, rudi nyuma uangalie ulikosea wapi.

Pembe na lenzi

Pembe ziko tatu za kuanzia. Juu kabisa ukitazama chini, nyuzi 90, hii ni ya meza iliyojaa, piza, bakuli lenye vitu vingi juu yake. Nyuzi 45 hivi, mtu alivyokaa mezani, ni salama kwa vingi. Na ile ya chini kabisa usawa wa meza kwa vitu vyenye kimo, keki ya tabaka, sandwichi nene, glasi. Swali la kujiuliza ni moja tu: utamu wa hiki chakula uko wapi, juu au ubavuni? Baga ukiipiga toka juu umepiga picha ya mkate.

Lenzi ya milimita 50 na makro (ya kupigia karibu) ya milimita 100 zinatosha miaka mingi. Lenzi pana usilete karibu na sahani, inavuta kingo na sahani ya duara inakuwa kama yai. Tundu la lenzi, jamani, acheni f/1.8 (namba ndogo ndo tundu kubwa). Najua inapendeza ule ukungu wa nyuma lakini mhariri wa chakula ataangalia atakuuliza "hii ni nini huku nyuma?" na wewe utasema ni kuku. Kwenye f/5.6 mpaka f/8 chakula kinaonekana na nyuma bado kuna ulaini. Kamera kwenye traipodi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100 au 200. Traipodi sio kwa ajili ya mtikisiko tu, ni kwamba ukiiweka hapo fremu haibadiliki, mnaanza kusogeza vitu ndani ya fremu badala ya kusogeza kamera kila saa.

Na unganisha kamera na laptopu kwa waya. Programu kama Capture One au Lightroom zinaonyesha picha kubwa papo hapo, mkurugenzi wa sanaa anaona, stailisti anaona, mkurugenzi anaweza kuweka leiauti ya ukurasa juu ya picha aone kama herufi zitaingia. Waya uubandike chini kwa tepu, nimeona laptopu ikifuata mguu wa mtu.

Sahani ya majaribio

Hapa ndo lile la saladi linapatiwa dawa. Usipige chakula chenyewe mpaka kila kitu kimekamilika. Unaweka kwanza sahani ya majaribio, kitu chochote chenye rangi na kimo kinachofanana, hata kile kilichoharibika jikoni, hata taulo la karatasi lililokunjwa. Kwa hicho unapanga mwanga, pembe, fokasi, kijiko kikae wapi, kitambaa kikunjwe vipi, unapiga kadi ya kijivu kupata rangi sahihi, mkurugenzi anakubali. Saa nzima inaweza kuisha hapo na hamna anayekimbia. Halafu unamwambia stailisti "nipo tayari", na kweli uwe tayari, ndo chakula halisi kinakuja kimetoka motoni kinawekwa palepale pa kile cha majaribio, na mna dakika kama tano za uhai wake. Piga cha kwanza haraka kabla ya kurekebisha chochote. Mara nyingi kile cha kwanza ndo kinatumika, mi mwenyewe nilichukua muda kuamini.

Wenyewe wanasema mchele mmoja mapishi mbalimbali, na kwa stailisti ndo hivyohivyo. Mboga za kijani anazichovya kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi kisha anazitupa kwenye maji ya barafu ili rangi ibaki. Majani ya kupambia yanalala kwenye maji baridi mpaka sekunde ya mwisho na yanawekwa kwa kibano. Nyama anaitoa kabla haijaiva kabisa maana iliyoiva sana inasinyaa, afu anaipaka mafuta kwa brashi. Sosi inawekwa kwa bomba la sindano ili ikae inapotakiwa, sio inapotaka. Matone kwenye glasi ya kinywaji baridi ni glisirini na maji nusu kwa nusu, yanakaa muda mrefu hayateremki. Kama una mvuke wa kweli utauona tu ukiwa na mwanga wa nyuma na kitu cheusi mandharinyuma, kwahiyo kabla hujaanza kuhangaika na mashine ya mvuke hebu badilisha kwanza mandhari.

Lakini kuna mpaka na kila mtu wa fani hii aujue. Miaka ya mwisho ya 1960 kampuni ya Campbell Soup ya Marekani ilipiga matangazo ya supu, na kwa kuwa mboga zilizama chini ya bakuli, waliweka gololi za kioo chini ili vipande visukumwe juu vionekane vingi. Tume ya biashara ya serikali kuu kule, FTC, ikaingilia, na mwaka 1970 suala likaisha kwa amri ya makubaliano kwamba hawatarudia. Hilo lilikuwa tangazo. Jarida lina mzigo wa ziada, msomaji wako ataingia jikoni na ukurasa mkononi kupika kitu hichohicho, na kisipofanana hata kidogo na picha hatailaumu picha, atajilaumu yeye au atalilaumu pishi. Kwahiyo kwenye kazi ya jarida siku hizi wengi tunapiga chakula halisi kinacholiwa. Kuchagua nyanya nzuri kuliko zote, sawa. Kuinua vipande vya juu kwa kuweka vipande vingine vya chakula hichohicho chini yake, mi naona sawa. Viazi vilivyopondwa kuvifanya aiskrimu kwenye makala ya aiskrimu, hapana.

Piga ukiwa unauona ukurasa

Hili nilijifunza kwa aibu. Kazi yangu ya pili ya jarida, silitaji jina, nilipewa picha ya kufungulia makala, kurasa mbili. Nikapiga bakuli zuri mno, katikati kabisa, mwanga mtamu, nikarudi nyumbani najisifu. Jarida limetoka, bakuli limezama kwenye mkunjo wa katikati, nusu ya chakula imeingia kwenye gundi. Mkurugenzi wa sanaa hakunigombeza, alichosema tu ni "orodha iliandikwa kurasa mbili". Kweli iliandikwa.

Kwahiyo: kurasa mbili, weka chakula kushoto au kulia, katikati pasiwe na kitu cha maana. Ukurasa mmoja, piga wima. Acha nafasi ya kichwa cha habari, meza tupu au ukuta laini, na piga ya ziada yenye nafasi hata kama hujaombwa. Acha pumzi pembeni pia maana kiwandani wanakata karatasi, kawaida wanaongeza milimita 3 kila upande za kukatwa.

Hesabu ya ukubwa ni rahisi. Uchapaji wa majarida unataka nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297, sawa na pikseli 2480 kwa 3508. Kurasa mbili pamoja na za kukatwa zinafika kama 5031 kwa 3579, yaani megapikseli 18 hivi. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 24 inabeba kurasa mbili bila jasho, usikubali mtu akutishe kwamba bila megapikseli 60 huwezi fanya jarida. Ila ukiipunguza picha sana kwa kukata ndo utaumia.

Rangi nazo. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaupokea tu, wino nne za uchapaji haziwezi kutoa kijani kikali na nyekundu kali unavyoziona kwenye laptopu. Usiiongezee pilipili hoho urembo wa skrini. Skrini yako ipimwe kwa kifaa, iwe na mwangaza wa wastani, na faili utume jinsi jarida lilivyoomba, wengi wanataka TIFF au JPEG ya ubora wa juu kwenye Adobe RGB (mfumo wa rangi za skrini) wanabadilisha wenyewe kwenda CMYK (zile wino nne) kwa profaili ya kiwanda chao. Usiwabadilishie kama hujaambiwa.

Kuingia mlangoni

Wanasema kizuri chajiuza. Hapa hakijiuzi, nakuambia kabisa. Njia iliyonyooka ni kuwa msaidizi wa mpiga picha mwingine, mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Utabeba stendi, utafuata kahawa, utapanga nyaya, na kimyakimya utaona jinsi mtu anavyoongea na mkurugenzi aliyekasirika, jinsi anavyokataa kazi, jinsi anavyoandika bei. Hayo hayako kwenye video yoyote ya mafunzo.

Huku ukisaidia, fanya shuti za majaribio. Tafuta stailisti anayeanza kama wewe, kila mtu anatoa muda wake, mnagawana picha kwa ajili ya potifolio. Msipige vitu hivyohivyo ambavyo kila mtu anapiga. Mhariri wa picha ameona kikombe cha kahawa toka juu mara elfu. Mwonyeshe unaweza vitu vigumu: chakula cha kahawia kikapendeza, supu isiyo na umbo, mikono ya mtu anayepika, mpishi mwenyewe uso kwa uso, soko, shamba. Majarida yanapenda mtu anayeweza kurudi na hadithi nzima, picha pana, ya kati, ya karibu, sio sahani tu. Potifolio iwe na picha ishirini hivi, na ukiwa na shaka na moja itoe, maana watakukumbuka kwa ile mbaya.

Halafu fungua jarida unalolitaka, tafuta ukurasa wenye majina ya wafanyakazi, angalia nani mhariri wa picha au mkurugenzi wa sanaa. Soma matoleo kadhaa uone wanapenda mwanga gani. Mwandikie barua pepe fupi, mistari minne, picha tatu ndogo zinazofanana na jarida lake na linki. Kimya? Subiri miezi mitatu, tuma kazi mpya, sio kuuliza "uliona barua yangu?" Wengi wanaitwa siku ambayo mtu mwingine ameugua, kwahiyo shabaha ni jina lako liwepo kichwani siku hiyo. Na ukiitwa fika mapema, toa faili kwa wakati, usinuniane na mtu. Wahariri wanahamahama majarida na wanahama na namba za simu za watu wasiowasumbua.

Pesa na karatasi

Majarida kwa kawaida hayalipi vizuri kama matangazo, tuelewane hapo. Watu wengi wanaoishi kwa kazi hii wanachanganya: jarida linakupa jina na uhuru, vitabu vya mapishi vinakupa wiki nzima za kazi, matangazo na vifungashio ndo vinalipa kodi ya nyumba. Usione aibu.

Ukitaja bei usitaje ya siku ya kupiga tu. Kuna siku ya maandalizi, kuna kuhariri, kuna msaidizi, vifaa vya kukodi, studio, chakula chenyewe na vyombo kama ni wewe unayenunua. Viandike mstari kwa mstari. Uliza mapema wanalipa lini, maana kuna wanaolipa baada ya siku 30 za invoisi na kuna wasiolipa mpaka toleo litoke, na toleo litoke unakumbuka ni miezi mingapi. Uliza pia makala ikifutwa mnalipana nini.

Leseni ndo kitu cha kusoma kwa miwani. Kwenye nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886 na marekebisho yake, hakimiliki inakuwepo tangu picha inapopigwa bila kuiandikisha kwanza, lakini mkataba utakaosaini unaweza kuitoa yote kwa sentensi moja. Kuuza matumizi ya toleo moja, na tovuti yao, na muda fulani ambao hutampa mwingine, hayo ni mambo ya kawaida. "Haki zote, milele, kwa njia yoyote" kwa bei ileile, hiyo omba ibadilishwe, mara nyingi inabadilika ukiuliza kwa upole, na kama haibadiliki basi bei ipande. Kazi za zamani ambazo haki zake zimerudi kwako unaweza kuziuza tena nchi nyingine, kuna watu ndo pensheni yao.

Mwili, na mambo madogo

Utasimama masaa kumi, utapanda ngazi kupiga toka juu na kuinama chini mara mia. Viatu vizuri kabla ya lenzi nzuri. Kula kabla hujaja kazini, usitegemee chakula cha mezani, kile kimeshikwa na mikono mingi, kimekaa chini ya taa, na kitu kilichokaa zaidi ya saa mbili kati ya nyuzi joto 5 na 60 bakteria wameshajiburudisha. Kile kilichobaki jikoni kisichoguswa ndo mnagawana, na weka makontena ya kubebea kwenye gari, kutupa chakula kila siku kunakula roho ya mtu polepole.

Faili: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kadi ya kamera usiifute mpaka jarida limethibitisha limepokea. Chakula huwezi kukiomba kirudi kukaa tena.

Na toleo likitoka nunua nakala yako, hata kama wamekuahidi watakutumia. Fungua ukurasa wako uuweke pembeni ya skrini yenye faili uliyotuma, uangalie wino umefanya nini. Vile vivuli ulivyoviona vitamu vimemezwa vikawa tope, ile nyeupe ya sahani imekuwa ya kijivu kidogo, kijani kimetulia. Andika kwenye karatasi tofauti ulizoziona, ibandike juu ya skrini, kazi inayofuata ya jarida hilohilo fungua vivuli kidogo kabla ya kutuma.